Santuri Iliyosema Toka

Jumapili, 6 Septemba 1992

Shule hazijafunguliwa, mishahara haijulikani iliko, na mimi mwalimu nisiye na wa kumfundisha nimeamua kujifundisha mwenyewe kunyamaza. Albert, mume wangu, anasema mdomo wangu utatuletea matatizo mwaka huu. Basi, haya. Ninayotaka kuyasema kwa sauti nitayaandika humu.

Leo amerudi na pikapu, mashine ya kupigia santuri. Ameinunua sokoni Kikula. Ilikuwa ya mzungu mmoja aliyekimbia mwaka jana wakati wa uporaji. Ilikuja na sanduku la santuri, zote zimevunjika isipokuwa moja, na hiyo moja muuzaji kamwongezea Albert bure, kama matabishi ya kumshukuru mnunuzi.

"Angalia, Laure! Ni matabishi!"

"Ni bure sababu haina muntu anaweza kuinunua," nikamwambia.

Jalada lake ni la kijivu. Lina picha ya sikio la plasta lililowekwa juu ya sahani ya chakula, kisu na uma pembeni. Maandishi si ya Kifaransa. Mwenye nayo wa kwanza ameandika jina lake nyuma kwa kalamu: Hervé. Huyo Hervé alikuwa na masikio yake mwenyewe, kwa maana tulipoiweka, mama yangu! Upande wa kwanza ni mtu anayeburuta kabati, mtoto analia, tarumbeta inazama majini. Upande wa pili una afadhali. Kuna ngoma inayogonga kama nyundo juu ya pipa, na mwanamume anayerudia neno moja refu, tokatarima, tokatarima, sijui ni lugha ya wapi, mpaka unataka kumpa maji anywe.

Suzanne, jirani yetu, akaja mbio, mikono bado ina unga. Nyumba zetu za kambi ya kiwanda zimejengwa mbili mbili, ukuta mmoja katikati, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Mukendi, mume wake, akikohoa kule, mimi huku nasema pole.

"Baba Ngalula," akamwuliza Albert, "huyu muntu iko naimba, ao bamemufinya kidole na mulango?"

Tulicheka hadi machozi. Mukendi naye akaingia, akakaa, akapiga ngoma ile kwenye goti lake kwa heshima zote. Yeye ni mkuu wa karakana kiwandani, na ndiye aliyemfundisha Albert kazi. Akasema, "Ii ni ya ba-intellectuels, Albert. Weye na minye tutafanya nayo nini?"

Wao ni watu wa asili ya Kasai, ingawa Suzanne alizaliwa hapa Likasi na hajawahi kuiona hiyo Kasai. Nilipokuwa nazaa, Albert alikuwa kazini, na Suzanne ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati, mvua inanyesha. Ndiyo sababu binti yetu anaitwa Ngalula, jina la Suzanne la nyumbani kwao. Wawili hao wanaitana "majina", kama tunavyofanya hapa kwa watu wa jina moja. Na kambi nzima inatuita Mama Ngalula na Baba Ngalula.

Jumatano, 9 Septemba

Vumbi. Bomba halina maji. Albert anapiga santuri yake kila jioni, kwa kuwa haina mwenzake. Nimeanza kuizoea, na hilo linanitia wasiwasi.

Jumapili, 13 Septemba

Kanisani madawati ya katikati yalikuwa matupu. Mjini wamekwisha kuanza kuwafukuza Wakasai, wapande treni warudi kwao. Vijana wanapita barabarani na fimbo, wanaimba, wanawaita bilulu, yaani wadudu. Padre alihubiri upendo, lakini alihubiri kwa sauti ndogo.

Tulipotoka nje, vijana kama sita walikuwa wamekaa ukutani. Mmoja akaita, "Baba Ngalula! Weye pia utapanda train?" Wenzake wakacheka. Albert naye akacheka, lakini shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Nyumbani akasema kuanzia leo mtoto aitwe Tina, jina lake la ubatizo. Nikamwambia hataitika. Akaita Tina, Tina, Tina. Mtoto aliendelea kucheza na vizibo vyake, hakugeuza hata kichwa. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi, 17 Septemba

Mukendi amerudishwa langoni mwa kiwanda, yeye na wote wenye majina ya Kasai. Hawakupewa sababu, waliambiwa tu wasirudi. Jioni Albert akaja, akanawa mikono muda mrefu, kisha akaniambia wamemkalisha yeye kwenye kiti cha Mukendi.

"Ya muda tu," akasema. "Kama si minye, batatia mungine."

Nilijua ni kweli, na bado nilikasirika.

Suzanne alikuja kutwanga nami kama kawaida. Anasema Mukendi ameamka, amevaa viatu vya kazi, na ameshinda amekaa navyo kitandani.

Jumapili, 20 Septemba

Leo santuri imekwama. Upande wa pili, pale mwanamume anaporudia neno lake, sindano ikaruka ikarudi nyuma, ikaruka ikarudi, na badala ya neno zima tukabaki na mwanzo wake: toka, toka, toka, toka, na ngoma chini yake.

Albert alikuwa amesimama karibu na pikapu. Nilingoja aisukume sindano. Hakuisukuma. Dirisha lilikuwa wazi.

Vijana wa fimbo walikuwa wanapita. Wakasimama, wakasikiliza. Kisha kicheko kikalipuka. "Baba Ngalula amesema! Toka, bilulu, toka!" Wakapiga makofi kwa kufuata ngoma. Wakaendelea na safari yao, wakagonga milango mingine kwa fimbo, wa kwetu hawakuugusa. Mmoja alimpungia Albert mkono kama kwa rafiki.

Hapo ndipo Albert alipoizima. Nilimwona anashusha pumzi. Na mimi, niseme ukweli, nilishusha ya kwangu.

Jumatatu, 21 Septemba

Tena.

Jumanne, 22 Septemba

Tena. Ngalula anaicheza. Anarukaruka sebuleni na kuimba toka, toka. Nikamwambia aache. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia atavunja kikombe.

Jumatano, 23 Septemba

Tena, hadi umeme ulipokatika. Sijawahi kufurahia giza namna hii.

Ijumaa, 25 Septemba

Nilianza kuandika kwamba bomba halina maji toka juzi. Nikaifuta toka, nikaweka tangu. Mwalimu wa Kiswahili anaogopa neno la Kiswahili. Na bado kuna kutoka, na ametoka, na imetokea. Nikizifuta zote nitabaki na nini cha kuandika?

Joto limezidi. Milima yote imeungua, anga ina moshi.

Jumapili, 27 Septemba

Suzanne alikuja baada ya misa. Yeye hakwenda misa, hawaendi tena. Alisimama mlangoni, ajabu kwa mtu ambaye siku zote huingia hadi jikoni kufunua sufuria zangu.

"Mama Ngalula, ile diski yenu haina wimbo ingine?"

Alisema kwa utani, lakini macho yake hayakuwa ya utani. Albert alikuwa ndani. Nilicheka. Jamani, nilicheka!

"Iko rayé, imechubuka, yaya," nikasema, maana siku zote namwita dada mkubwa. "Ni ya zamani. Sindano inabakia pale pale."

"Ah bon. Iko rayé."

"Ndiyo, yaya."

"Basi, haizuru." Akamshika Ngalula kichwani, akamwita majina, akarudi kwake. Hakukaa. Nilikuwa nimekwisha kumimina chai, nikainywa mwenyewe.

Ijumaa, 2 Oktoba

Wifi yangu Orpa amekuja. Anauza mihogo na mafuta kwa wachimbaji kule Kamatanda, na anasali katika kanisa la kilio na mapambio. Alipoona lile jalada lenye sikio, akarudi nyuma hatua nzima.

"Jina ya Yesu! Ii ni mudimu, kaka. Ni kitu ya mashetani. Ichome!"

Jioni ikaanza kupigwa, vijana wakapita, wakacheka, wakaenda zao. Orpa akatazama dirishani, akafikiri. Kisha akasema, "Tutaichoma kisha. Kwa sasa, iache kwanza."

Kumbe hata shetani anaweza kupewa kibali cha muda. Ningemwambia hivyo, lakini nilikuwa nakula samaki aliowaleta.

Jumanne, 6 Oktoba

Mchana wamerusha mawe kwenye paa la Suzanne. Nilikuwa uani naanika nguo. Jiwe likipiga bati, unalisikia hadi kwenye meno. Nilitupa nguo kwenye beseni, nikamvuta Ngalula, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Mlango wangu.

Paa letu ni lile lile, bati ni moja linaloendelea kutoka kwao hadi kwetu. Hakuna hata jiwe moja lililovuka kuja upande huu. Walijua vizuri mpaka uko wapi.

"Mama, majina iko nalia?" Ngalula akauliza. Alikuwa ametia sikio ukutani.

"Hapana. Iko naosha vyombo."

Ijumaa, 9 Oktoba

Wamefungua shule, nusu. Darasa langu lilikuwa la watoto hamsini, leo walikuwa kumi na kitu. Niliacha kuita majina baada ya yale matatu ya kwanza kutoitikiwa.

Jumapili, 11 Oktoba

Leo nataka niandike taratibu, kwa sababu nimekasirika na mwandiko wangu unaharibika.

Albert alikuwa amekwenda kiwandani, siku hizi anaitwa hata Jumapili. Nikasema nitaisafisha ile santuri kwa maji ya sabuni. Pengine ni uchafu tu, pengine sindano ikipita vizuri mwanamume yule atamaliza neno lake, na mambo yataisha bila mtu kugombana na mtu. Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga.

Haukuwa uchafu. Santuri hii ina michubuko mingi ya uzee, myembamba, inayokwenda ovyo. Lakini upande wa pili, mahali pamoja tu, kuna mkato mfupi, mweupe, ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Umekatisha mifereji minne au mitano basi. Santuri ikianguka haichubuki hivyo.

Ngalula alikuwa ameegemea goti langu. "Papa ndiye alichora pale," akasema. "Na chuma yake ya kazi."

Najua hicho chuma. Ni kile chenye ncha kali anachochorea bati kabla ya kulikata. Mukendi ndiye aliyempa zamani, alipomaliza kujifunza.

Alipoingia nilikuwa nimeiweka mezani, nje ya jalada.

"Mbona ulichora diski, juu ya nini?"

"Diski gani?"

"Albert."

Akavua kofia. Akakaa. Hakukataa tena, na hilo liliniumiza zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kugombana na mwongo.

"Uko nasikia vile banaita minye?" akasema. "Baba Ngalula. Ku usine, pale ku kazi, ku barabara, hata ku messe, mu kanisa. Minye, mutoto ya hapa, baba yangu wa hapa, banataka kunipandisha mu train na ba-Kasai juu ya jina ya mutoto! Unataka nifanye nini? Nisimame inje na nipige nabo makelele, toka, toka? Siwezi. Mukendi alinifundisha kazi. Siwezi kumwambia vile na kinywa yangu. Sasa diski inasema. Minye sisemi kitu."

"Na Suzanne iko nasikia nini?"

"Iko nasikia diski rayé." Akanitazama. "Si weye mwenyewe ulimwambia?"

Nikaivuta santuri karibu yangu.

Nilimwangalia mtu huyu niliyeolewa naye na sikuona mwanamume mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Niliona mtu mwenye hofu ambaye amepata mahali pa kuifichia. Na baada ya kumwangalia sana nikaanza kujiona na mimi. Mawe hayajavuka kuja kwetu. Ngalula anacheza uani na hakuna aliyemgusa. Nalala usingizi. Nani ametununulia usingizi huo, kama si hicho kidude cha plastiki?

Ningeweza kuivunja pale pale mezani. Niliishika kwa mikono miwili. Kisha nikairudisha kwenye jalada lake, nikaenda kupika.

Jumatano, 14 Oktoba

Tena. Najaribu kusikia neno zima kama siku ya kwanza, tokatarima. Siwezi. Masikio yangu yamekwama pamoja na sindano.

Ijumaa, 16 Oktoba

Suzanne anauza vitu uani. Masufuria, kitanda, hata mlango wa ndani Mukendi ameung'oa. Wanunuzi wanashika vitu kwa vidole viwili kana kwamba wanawafanyia hisani. Mimi sikwenda. Nilijiambia kwamba kununua ni aibu. Kumbe kuna njia nyingine ya kwenda kwa jirani, bila kununua.

Jumatatu, 19 Oktoba

Wameondoka leo asubuhi, kwa mkokoteni wa kukodi, kwenda kituo cha treni. Maelfu wako huko wanangoja.

Nilikuwa ndani. Albert alikuwa kazini, umeme haukuwapo, pikapu ilikuwa kimya, hapakuwa na kijana hata mmoja barabarani. Hakuna aliyenizuia. Ngalula alichoropoka, akakimbilia nje bila viatu, na nilimsikia Suzanne anasema, "Majina, ubakie muzuri. Usikilize mama yako." Nilikuwa nyuma ya pazia. Mukendi alikuwa amevaa viatu vya kazi. Suzanne alimweka mtoto chini, akaugeukia mlango wetu, akautazama kama mtu anayengoja chenji yake.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Kisha mkokoteni ukaanza kulia magurudumu, wakaenda.

Jumanne, 20 Oktoba

Upande wa pili kimya. Nimemwambia Ngalula wamekwenda kutembea.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mvua ya kwanza. Miaka yote tunaishangilia, watoto wanakimbia uchi uani. Leo imenyesha mchana kutwa, nami nilikuwa nafikiria kituo cha treni. Paa la pale linatosha watu mia. Wengine wote wako chini ya mbingu.

Jumatano, 28 Oktoba

Mvua. Wanasema kule kituoni watoto wana surua. Wanasema treni itakuja wiki hii. Walisema hivyo wiki iliyopita.

Jumapili, 1 Novemba, Watakatifu Wote

Baada ya misa nilimwacha Ngalula kwa Orpa, nikaifunga santuri ndani ya kitenge, nikaenda kituoni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote njiani kama somo. Nitamwonyesha mkato. Nitamweleza kwamba neno si toka, ni neno refu la kizungu lisilotuhusu. Nitamwambia ni Albert, na kwa nini. Nilitaka aondoke akijua kwamba mimi sikusema.

Nikazunguka sana. Watu wamejenga vibanda kwa shuka, kwa plastiki, kwa milango ya nyumba zao. Kulikuwa na cherehani ndani ya matope, mwanamke anashona kana kwamba yuko barazani kwake. Masista walikuwa wanakoroga uji kwenye mapipa, na mstari wa watu ulizunguka hadi nyuma ya maghala. Harufu siwezi kuiandika. Watu walinitazama nguo zangu za misa, wakatazama kando.

Suzanne ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa amekaa juu ya mlango wao ule wa ndani, ule uliokosa mnunuzi, umelazwa chini kuzuia matope. Miguu yake imevimba. Mukendi alikuwa amelala ubavuni kwake, anakohoa, na safari hii nilikuwa karibu kabisa, na sikuweza kusema pole.

"Mama Ngalula," akasema. "Ukae."

Nikakaa. Nikafungua kitenge. Nikatoa santuri, nikaigeuza kwenye mwanga, nikamwonyesha mkato, nikaeleza yote, mbiombio, nikachanganya mpangilio wangu. Albert. Chuma cha kazi. Vijana. Tokatarima. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuishika.

"Unafikiri minye ni mujinga?" akasema, polepole, bila hasira. "Ile diski ninaijua. Siku ya kwanza nilicheka nayo mu nyumba yako. Nilijua iko rayé. Nilijua ni Albert. Albert iko na woga, banaume bote iko na woga, hata huyu wangu. Sikukuwa nasikiliza diski."

"Ulikuwa nasikiliza nini, yaya?"

"Weye."

Sikuelewa.

"Ukuta ile ni nyembamba, Laure. Niko nasikia ukivuta kiti. Niko nasikia sandale yako ku sakafu ya sima. Kila mangaribi, diski ikianza toka, toka, minye nilikuwa nakaa ku ukuta nangoja kiti yako. Nasema: sasa atasimama. Sasa ataenda, atanyanyua ile mukono ya pikapu. Mara moja tu. Hata kama Albert angeirudisha, haizuru. Ningesikia kama ulisimama." Akafuta tope kwenye kifundo cha mguu wake. "Kiti yako haikutembea. Hata siku moja."

Ni mara ya kwanza aliniita kwa jina langu. Miaka yote hii nilikuwa Mama Ngalula.

Nililia. Yeye hakulia. Aliniuliza kama majina anakula vizuri, nikasema anakula. Akaniuliza kama jino lake la mbele limeota, nikasema limeanza. Nilimwachia mkate na sabuni nilivyokuwa navyo, na kitenge. Mukendi akafungua macho, akaiona santuri mikononi mwangu, akajaribu kutabasamu. "Rudi nayo," akasema. "Huku hatuna courant ya kuipigia."

Nimerudi nimeibeba kwapani, mvua inainyeshea. Haikuharibika. Vitu kama hivi haviharibiki.

Jumatatu, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Sikwenda makaburini.

Ijumaa, 6 Novemba

Treni imeondoka. Tumeisikia hadi kambini. Mabehewa ya mizigo, watu ndani, watu juu ya paa, mvua juu ya wote. Sista mmoja ameniambia Mukendi alipandishwa kwa kubebwa. Suzanne alikuwa nyuma, ameshika miguu ya mume wake ili viatu visianguke.

Jumapili, 8 Novemba

Albert amethibitishwa kuwa mkuu wa karakana. Leo alialika wenzake wanne, Orpa akapika. Nilikaa kwenye kiti changu karibu na ukuta, nikapokea hongera. Umeme ulikuwapo. Mmoja wa wageni akasema, "Chef, wapi ile diski yako? Bantu bote iko naiongelea." Albert hakuonyesha furaha, lakini akaiweka. Ngoma ikagonga, yule mwanamume akaanza neno lake, na sindano ikafika pale.

Toka, toka, toka, toka.

Nilisimama. Kiti kilikwaruza sakafu, sauti kubwa, nikashangaa jinsi ilivyo kubwa. Nikavuka chumba, nikaunyanyua mkono wa pikapu. Ni mwepesi mno. Unanyanyuliwa kwa kidole kimoja.

"Laure," Albert akasema chini chini. "Vijana beko pale inje. Bamezoea. Ikinyamaza bataulizana." Kisha, kwa sauti ya kunibembeleza, "Na kule hakuna tena muntu. Inamusumbua nani?"

"Minye," nikasema.

Akaurudisha. Nikaunyanyua. Akaurudisha tena, nami nikaunyanyua tena, nikaishika santuri yenyewe nikaivunjia kwenye pembe ya meza. Mgeni mmoja akatafuta kofia yake. Orpa akasema jina la Yesu.

Nje wakaita, "Baba Ngalula! Diski imekufa?"

Albert alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya pikapu tupu. Nikafungua mlango. Walikuwa wanane au tisa, na wawili kati yao niliwafundisha kusoma.

"Ni minye nimeivunja," nikawaambia. "Minye, Mama Ngalula."

Wakatazamana. Hawakucheka. Nikamwambia Orpa amchukue mtoto, wapitie nyuma ya nyumba, waende kwake. Wageni nao wakapitia huko huko. Albert hakwenda. Alikaa chini, mgongo ukutani. Nilifunga mlango, nikarudi kwenye kiti changu, na jiwe la kwanza likapiga bati upande wetu.